Maji ya Kisima na Wembe wa Mama Theresia

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Nimenunua daftari hili Singida mjini, na leo ndiyo nimepata la kuandika. Mimi ni Kefa, dresa, yaani msaidizi wa tiba, wa zahanati ya kijiji hiki kipya, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Mtinko. Kwetu ni Kinyangiri. Hapa watu wanazungumza Kinyaturu, nami nakielewa nusunusu, kwa hiyo kazi yangu yote naifanya kwa Kiswahili. Kijiji kina miezi minne tu. Watu waliletwa hapa mwezi wa saba, na wengi bado wanaishi kwenye vibanda vya nyasi. Zahanati yenyewe ni chumba kimoja cha udongo chenye mlango wa bati.

Maji tunachota kisima kimoja. Yanakaa mazito mdomoni, na sabuni haitoi povu ndani yake, inajikata vipandevipande kama maziwa yaliyoharibika. Shati nililofua jana limekauka kama gome.

Leo nimemwona kinyozi wa kijiji. Ni mwanamke, mjane wa makamo, jina lake Magdalena, lakini kila mtu anamwita Mama Theresia. Marehemu mume wake, Mughwai, alikuwa kinyozi sokoni Mtinko. Alipoanza kupofuka, mkewe alishika wembe naye akawa anamwelekeza kwa kusikiliza, maana alisema wembe unaokata vizuri hausikiki. Alipofariki, mama huyu akaendelea na kazi. Wanaume wanakaa mbele yake kwenye kigoda bila neno.

Nilimkuta amemaliza kunyoa mtu. Aliuosha wembe, akaukausha kwa kitambaa, kisha akaupaka samli na kuukunja. Samli ile ilinitisha. Nilimwambia, mbele ya wanaume sita waliokuwa wakisubiri, kwamba mafuta ya ng'ombe kwenye wembe ni uchafu, na kwamba kuanzia leo auchemshe wembe dakika kumi kabla ya kila mtu, kwa maji ya kisima, bila kupaka kitu.

"Nimesikia, daktari," alisema.

Nilimwambia mimi si daktari. Lakini niliondoka nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepita kwake bila kumwarifu. Wembe ulikuwa ndani ya sufuria, maji yanachemka. Alikuwa anahesabu dakika kwa kutazama saa yangu ya mkononi. Samli haipo.

Jumapili, 10 Novemba

Upepo na vumbi. Hakuna wingu.

Ijumaa, 15 Novemba

Wanaume wawili wamekuja na vipele kidevuni. Nimewapaka dawa ya zambarau. Mmoja alisema wembe wa Mama Theresia siku hizi unakwaruza. "Zamani nilikuwa nasinzia pale," alisema. "Sasa natoka machozi." Nimemwambia ni heri machozi kuliko vijidudu.

Jumanne, 19 Novemba

Leo ni watu saba wenye vidonda vya kidevu, na mmoja kichwani. Nimeanza kuwa na wasiwasi na mama yule. Huenda anachemsha wembe nikiwapo tu. Nimeenda kwake saa nne asubuhi, nimerudi saa sita, nimerudi tena saa tisa. Mara zote tatu nimekuta sufuria motoni.

Mara ya tatu alisema, "Karibu, daktari. Ukichoka kuja, niambie nikuletee sufuria huko huko."

Waliokuwepo walicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 22 Novemba

Joto. Dawa ya zambarau inakaribia kwisha.

Jumatatu, 25 Novemba

Nina haja ya kuandika haya yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Laurian ni fundi seremala, ndiye aliyepigilia mlango wa zahanati yangu. Ana mke na mtoto mchanga. Alinyolewa Jumatano iliyopita akakatwa kidogo shavuni, mkato ambao mtu angeusahau. Jumamosi shavu lilivimba. Jana jioni mkewe alinifuata akasema mumewe hafungui jicho. Nilimkuta amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, uso umejaa upande mmoja mpaka pua imehama, ngozi inang'aa, na homa kali. Nilimchoma penisilini, nikabaki na chupa mbili tu kwenye kabati.

Asubuhi uvimbe ulikuwa umefika shingoni na alikuwa anapumua kwa shida. Lori lililoleta mahindi ya njano lilikuwa bado linashushwa magunia. Nilimwomba dereva asisubiri. Hakubisha, aliacha magunia thelathini garini akawasha injini. Tulimpandisha Laurian juu ya magunia hayo na mkewe akakaa naye, mtoto mgongoni. Nilimpa mkewe barua ya hospitali ya Singida.

Wakati tunampandisha, Mama Theresia alisimama pembeni. Hakusogea karibu. Lori lilipoondoka alikwenda pale lilipokuwa limeegeshwa, akaokota kofia ya Laurian iliyoanguka, akaikung'uta vumbi na kumpelekea mama mzazi wa Laurian. Watu walimpisha kama wanavyompisha mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Jumatano, 27 Novemba

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu ni Marko, mtu mrefu, mkali, lakini hali chakula cha mtu na ndiye wa kwanza shambani. Alisimama akasema Laurian bado hajitambui, na watu kumi na wanne wana vidonda, na wote wamepita mkono mmoja. Kisha akanigeukia.

"Daktari, wembe ule ni safi au si safi?"

Nilikuwa nimeuona wembe ukichemka mara nne. Ningeweza kusema hivyo. Lakini niliogopa swali ambalo lingefuata: kama wembe ni safi, vidonda vinatoka wapi? Nikasema, "Siwezi kuwa na hakika, Mwenyekiti."

Marko akatangaza kwamba kuanzia leo Mama Theresia hanyoi mtu. Mama huyo alikuwa amekaa na wanawake. Alisimama, akasema "Nimesikia," kwa sauti ile ile aliyoniambia mimi siku ya kwanza, akakaa.

Alhamisi, 28 Novemba

Mama Theresia amekuja zahanati asubuhi. Nilidhani amekuja kunilaumu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, akaweka mezani birika lake la chai, sufuria ndogo na wembe.

"Tazama ndani ya birika," alisema.

Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, unene wa ukucha.

"Sasa tazama wembe."

Nilikuwa nimeuona wembe ule mara nyingi bila kuutazama. Karibu na makali yote kulikuwa na utando mweupe, ule ule, na pale ulipobanduka palikuwa na vitundu vya kutu. Nilipitisha ukucha juu yake, ukakwama kama kwenye msasa.

"Kitu hiki kilianza nilipoanza kuchemsha," alisema. "Nanoa, kesho kimerudi. Kinakula makali, na makali yakiliwa wembe haukati, unachana. Na ngozi iliyochanwa inaingiwa na chochote. Lakini mimi sijasoma, ndiyo maana nimekuletea uone mwenyewe. Sasa tazama sufuria."

Sufuria ilikuwa safi, haina ukoko hata kidogo.

"Ni ya uji," alisema. "Uji wa ukwaju. Maji ni yale yale ya kisima, lakini humo hakikai."

Kisha akaniomba chupa tatu za dawa zilizokwisha. Sikuuliza za nini. Nilimpa nne.

Jumamosi, 30 Novemba

Wanaume wanafuga ndevu. Wengine wamenunua viwembe Mtinko na wanaazimana, kimoja watu watano. Nimewakataza. Wananiitikia vizuri na kuendelea.

Jumanne, 3 Desemba

Mama Theresia aliniita kwake mchana. Alikuwa amepanga chupa mbili juu ya jiwe. Moja ilikuwa na maji ya kisima kama yalivyochotwa. Ya pili ilikuwa na maji ya kisima aliyoyachemsha sana, akayaacha yatulie siku nzima, kisha akayamimina polepole na kuacha ule weupe wote chini ya chungu. Katika kila chupa alitia kipande cha sabuni ya mche sawa na punje ya mahindi. Akanipa moja, akashika nyingine. Tukatikisa.

Yangu, ya maji mabichi, ilitoa utando wa kijivu uliogandamana na kioo. Yake ilitoa povu la vidole viwili, likakaa.

"Chupa ya tatu?" niliuliza.

"Inasubiri mvua."

Nilikaa kwenye kigoda chake. Maji magumu. Nilifundishwa darasani, na mwalimu alichora birika ubaoni. Swali lenyewe lilikuwa kwenye mtihani wangu wa mwisho, nikalijibu na kupata alama zote. Niliandika kwamba chokaa iliyo ndani ya maji hujitenga yanapochemshwa na kuganda juu ya chuma. Kisha nikaja hapa nikamwamuru mtu achemshe wembe ndani ya maji hayo mara kumi na tano kwa siku, na nikamnyang'anya samli, kitu pekee kilichouzuia wembe usipate kutu. Sikuwa nimempa usafi. Nilimpa msasa, nikamwambia anyoe nao watu.

Nilimwambia hayo yote. Nilimwambia kosa ni langu.

Alikuwa anapangusa chupa. Hakunyanyua macho mara moja.

"Siku ile uliniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mchafu," alisema. "Sasa umeniambia kwamba nilikuwa msafi, na hapa tupo wawili."

Alinipa uji, nikanywa.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekwenda kwa Marko nyumbani, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nina barua ya wilaya inayosema hivyo. Nikasema sina. "Basi acha kwanza," alisema. "Watu wameogopa, nami siwezi kutoa neno leo na kulirudisha kesho. Laurian akifa utaniambia nini?"

Nilifarijika, na nina aibu kuandika kwamba nilifarijika. Nilirudi nikijiambia kuwa nimetimiza wajibu.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua. Imeanza saa nane mchana ikanyesha mpaka jioni. Watoto wote wako nje.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo ni sikukuu ya Uhuru. Baada ya hotuba nimemkuta Mama Theresia ameweka vyungu chini ya bati la ghala la kijiji. Alikuwa ameyaacha maji ya kwanza yaoshe vumbi la bati, kisha akakinga yaliyofuata. Tukatikisa chupa ya tatu. Povu lilijaa mpaka shingoni likataka kutoka.

Hakushangilia. Alichukua sabuni, akaikwangua nyembamba, akailoweka kwenye maji ya mvua kiasi cha kijiko mpaka ikawa kama uji mzito, akatia matone mawili ya mafuta ya nyonyo, kisha akapiga kwa brashi ya marehemu mumewe. Povu lilisimama kama limeshonwa. Alinipaka kwenye mkono. Lilikaa pale muda wote wa mazungumzo yetu bila kukauka.

Wembe ameuloweka kwenye ukwaju muda wa kuchota maji na kurudi, ukoko wote ukalegea. Ameusuuza, akaukausha, ameunoa juu ya jiwe siku mbili, kisha juu ya mkanda wa ngozi. Vile vitundu vya kutu vimekwisha. Yote haya ameyafanya akijua kwamba hana ruhusa ya kumnyoa mtu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Wembe haujapigwa marufuku," alisema. "Nimepigwa mimi."

Alhamisi, 12 Desemba

Habari kutoka Singida: Laurian anajitambua. Wamempasua shavu na kutoa usaha. Jicho limepona.

Jumanne, 17 Desemba

Mama yake Marko amefariki alfajiri. Alikuwa mzee sana. Tumemzika alasiri kwenye mvua.

Ijumaa, 20 Desemba

Kwa desturi ya ukoo wa Marko, wafiwa hunyolewa vichwa siku ya nne, na kabla ya hapo hakuna mtu wa nyumba ile anayeshika jembe. Mvua inanyesha, kijiji kizima kinapanda, na watu wote wa Marko wamekaa ndani na mbegu zao. Aliyetumwa kumwita kinyozi wa Mtinko alirudi jana: korongo limejaa, hapavukiki.

Asubuhi nilikuwa msibani nilipomwona Marko akiinuka na kwenda kwa Mama Theresia. Nilimfuata, na watu wengine nyuma yangu. Marko alisimama uani kwake mvua ikimnyeshea.

"Mama Theresia," alisema, "naomba uje utunyoe."

"Pole sana kwa msiba, Mwenyekiti," alisema Mama Theresia. "Mama yako alikuwa mtu wangu. Lakini mimi niko chini ya amri, na amri ilitolewa mbele ya watu."

Marko alifuta mvua usoni. Nilimwona anavyotafuta neno, na nikajua kwamba neno lile si lake kulitafuta. Nilisogea mbele. Watu walikuwa kama arobaini.

Nilisema kwamba mama huyu alikuwa msafi tangu siku ya kwanza. Nilisema kwamba mimi ndiye niliyemwamuru auchemshe wembe kwa maji ya kisima, kwamba chokaa ya maji ndiyo iliyoharibu makali, na kwamba mikato na vidonda vilitoka kwenye amri yangu. Nilisema alitii kila nilichomwambia, na kwamba kwenye mkutano niliulizwa swali nililolijua jibu lake nikalikwepa. Nilisema shavu la Laurian lilipasuliwa kwa sababu yangu.

Mama mzazi wa Laurian alikuwepo. Alinisogelea. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili nielewe, "Lakini wewe ndiye uliyempatia lori."

Sijui kama ni msamaha.

Marko alivua kofia. "Amri ile nimeiondoa," alisema, kwa sauti ya mkutano, ili wote wasikie. "Nilimkosea mama huyu. Mbele yenu nasema nilimkosea."

Mama Theresia aliingia ndani, akatoka na chungu cha maji ya mvua kichwani.

Alinyoa vichwa kumi na tisa. Nimeona wapasuaji kazini Singida nikiwa mwanafunzi, na sijaona mikono kama ile. Alianza na baba mdogo wa Marko, mzee wa ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara. Alimlowesha kwa kitambaa cha moto na kumwacha nywele zilainike. Alipaka povu kwa kuzungusha, taratibu, mpaka kichwa chote kikawa cheupe. Kisha akaweka wembe kwenye utosi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti karibu kabisa nikiwa na sufuria, na sikusikia kitu isipokuwa mvua. Baada ya kila kichwa alinipa wembe, nikauchemsha ndani ya maji ya mvua dakika kumi kamili, nikaufuta kwa spiriti. Hilo la kuchemsha hakulikataa, alisema ni jema, maji ya kisima tu ndiyo hayakufaa. Aliupitisha kwenye mkanda mara sita kwenda, mara sita kurudi, akaita mtu mwingine.

Kazi ilikwisha saa kumi alasiri. Nilikagua vichwa vyote kumi na tisa. Sikuona tone la damu.

Marko alikuwa wa mwisho. Aliposimama alikwenda moja kwa moja ghalani kuchukua jembe.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimekula kwa Mama Theresia. Wali na kuku.

Jumamosi, 28 Desemba

Nimewakagua walionyolewa msibani, siku ya nane sasa. Hakuna kipele hata kimoja. Nimeandika ripoti ya wilaya, kurasa tatu, jinsi ya kutumia maji ya mvua, au ya kisima yaliyochemshwa na kutulizwa pale ambapo hakuna mvua. Ukwaju wa kuondoa ukoko. Kukausha wembe na kuupaka samli safi baada ya kazi na kuuosha kwa sabuni kabla ya kazi. Nimemsomea Mama Theresia. Amenisahihisha mahali pawili: niliandika "dakika nyingi" kwenye ukwaju, akasema ukizidisha, ukwaju wenyewe unakula chuma, na nilisahau kuandika kwamba brashi ining'inizwe nywele zikitazama chini. Mwishoni nimeandika jina lake kamili, Magdalena Mughwai, kuwa ndiye aliyegundua, na jina langu kuwa ndiye aliyekosea. Alinifanya nisome sentensi hiyo mara mbili.

"Iache," alisema.

Jumatatu, 13 Januari 1975

Vinyozi wawili wamekuja kutoka upande wa Iguguno kutazama anavyofanya. Wanaume wakubwa, mmoja ana mvi. Walikaa chini siku nzima. Aliwapa chupa wakatikisa.

Ijumaa, 17 Januari

Mahindi yamefika magotini. Mvua nzuri.

Alhamisi, 23 Januari

Laurian amerudi leo, kwa miguu kutoka Mtinko, mkewe na mtoto nyuma. Nilimwona anapita zahanati bila kusimama, nikatoka nikamfuata. Ndevu zimefunika uso wote, isipokuwa mahali kovu linapopita, kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya.

Alikwenda kwa Mama Theresia. Mama alikuwa anapalilia karanga nyuma ya nyumba. Alipomwona aliacha jembe likaanguka.

"Shikamoo, mama," alisema Laurian.

"Marahaba, mwanangu." Alikuja karibu akashika uso wake kwa mikono miwili yenye udongo, akaugeuza kwenye mwanga, akatazama kovu kwa muda mrefu. Nilimwona midomo inatetemeka. Katika miezi hii yote sikuwahi kuona hivyo, si siku ya mkutano, wala siku ya lori.

"Hospitali walikuwa na kinyozi," Laurian alisema. "Kila wiki anapita vitandani. Nikamwambia aniache, nina kinyozi wangu kwetu." Akaketi kwenye kigoda.

Mama Theresia alinawa mikono. Alinawa mara ya pili. Nilileta maji ya mvua, nikawasha moto bila kuambiwa, na kumwomba Laurian msamaha nikiwa nimeinama pale motoni, kwa sababu sikuweza kumtazama. Alisema mkewe ameshamweleza yote, na kwamba mlango wa zahanati aliupigilia vibaya kwenye bawaba ya chini, atakuja kuurekebisha.

Mama alinyoa kwanza upande usio na kovu. Kisha akasimama upande wa kovu, akavuta ngozi kwa kidole gumba, akaushusha wembe nywele kwa nywele mpaka akamaliza. Laurian alipitisha kiganja shavu hili, akapitisha shavu lile, akauliza kama kuna uji.